Sura ya Saba: Mfugo Ndani ya Mfugo

Kusini mwa mto Pangani, barabara ikishaacha minazi na mashamba ya mkonge, nchi inafunguka na kuwa mbuga ya nyasi ndefu inayoshuka hadi karibu na bahari. Hapo ndipo Mkwaja, kata ya wilaya ya Pangani inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watu wazima wa hapa wanaikumbuka ranchi. Ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili wafanyakazi wa mashamba wapate nyama, ikafungwa mwaka 2000, na mwaka 2005 ardhi yake ikaingizwa rasmi katika hifadhi. Kwa miaka yote hiyo adui mkubwa alikuwa mbung'o. Ng'ombe aina ya Boran waliishi kwa dawa za kinga dhidi ya nagana, ugonjwa anaoueneza, na hesabu za uzazi na ukuaji wao zilichapishwa mwaka 1985 katika ripoti ambayo wataalamu wa mifugo wanaitaja hadi leo.

Nyasi za mbuga hiyo ni ngumu. Ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kuvunja selulosi, ule uzi mgumu unaosimamisha jani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, kuvu na vijidudu vingine wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, na asidi zinazotokana na uchachu huo ndizo zinazompa sehemu kubwa ya nguvu. Mchungaji anayemtoa ng'ombe kwenye majani makavu na kumwachia gunia la pumba za mahindi anajua matokeo: tumbo linachachuka, mnyama anavimba, na huenda asifike asubuhi. Hajawahi kuona hadubini, lakini anaheshimu kilichomo ndani ya tumbo.

Anayefuga samaki katika mabwawa ya mwambao huohuo hajapewa elimu ya namna hiyo. Anafundishwa kina cha bwawa, idadi ya vifaranga kwa mita ya mraba, na kiasi cha chakula kwa uzito wa samaki. Kwamba samaki naye amebeba mfugo wake tumboni, na kwamba kila konzi ya chakula inalisha mifugo yote miwili, hilo halimo katika mafunzo mengi. Sura hii inahusu mfugo huo wa pili.

Tuanze na mwatiko, maana ndiye samaki ambaye pwani hii imeumbwa kumfuga. Wakati wa bamvua, maji yakijaa kwenye vijito vya mikoko, vifaranga vyake huingia navyo. Kifaranga ana urefu wa sentimita moja na nusu hivi, mwembamba, mwili wake unapitisha mwanga. Kinachoonekana majini ni nukta tatu nyeusi, yaani macho mawili na kifuko cha hewa. Hukusanywa kwa vyandarua na nyavu za tundu dogo, kwa namna ileile ambayo wanawake wa pwani hutanda uduvi. Wengine huingia wenyewe katika mashamba ya chumvi, wakabaki kwenye bwawa la kwanza la kuhifadhia maji, wakakua humo bila kulishwa na mtu. Wafugaji wa Mtwara, Pwani, Tanga na Zanzibar, pamoja na wenzao wa Kilifi na Kwale nchini Kenya, wamejenga ufugaji wao juu ya zawadi hiyo ya maji kujaa na kupwa.

Kifaranga huyo alipoanguliwa baharini hakuwa na bakteria tumboni. Utumbo wake ulikuwa mrija mtupu. Lakini mabuu ya samaki wa baharini hulazimika kunywa maji, kwa sababu chumvi iliyowazunguka inawanyonya maji mwilini, na kila funda huingia na bakteria waliomo majini. Kisha mdomo unafunguka, chakula cha kwanza kinamezwa, na bakteria waliokaa juu ya chakula hicho wanafika nao. Hivyo jamii ya kwanza ya tumboni inatokana na vitu viwili: maji na mlo.

Wanorwei walilijua hilo kwa hasara. Katika miaka ya 1990, walipojaribu kuzalisha samaki wa bahari zenye baridi katika matangi, mabuu yalikufa kwa wingi bila ugonjwa unaotambulika. Olav Vadstein, Jorunn Skjermo na wenzao wa Trondheim wakatoa maelezo yaliyobadilisha kazi ya vituo vya vifaranga. Maji yaliyochujwa na kusafishwa sana hubaki uwanja mtupu, na chakula kinapoingia, wanaouteka kwanza ni bakteria wanaozaliana upesi, ambao mara nyingi ndio wenye madhara. Dawa yao ilikuwa kuyaacha maji yapite kwanza polepole katika chujio lenye bakteria wanaokua taratibu, ili hao watangulie kushika nafasi na chakula. Waliyaita maji yaliyokomaa. Mabuu yaliyolelewa humo yalistahimili zaidi. Kwa kituo kama cha Beit el Ras, Unguja, kilichojengwa ili kuzalisha vifaranga vya mwatiko, kaa na majongoo bahari, somo hilo lina uzito wa moja kwa moja, kwa sababu kifaranga wa kituoni hapiti kwenye vijito vya mikoko. Bakteria ambao mwenzake wa porini huwapata bure, yeye atawapata tu kama aliyemlea amefikiria hivyo.

Mpasue mwatiko mkubwa uone alivyo ndani. Mdomoni hana jino hata moja. Nyuma ya matamvua ana vifuko viwili vilivyojikunja ambamo vipande vidogo vya chakula hukusanywa na kukandamizwa pamoja. Ukuta wa ndani wa tumbo ni mweusi tititi. Baada ya tumbo laini inafuata sehemu ngumu ya misuli ambayo mpishi yeyote ataitambua, maana inafanya kazi ya firigisi: inasaga. Kisha unakuja utumbo mwembamba uliojizungusha, na ukiunyoosha juu ya ubao unaupita mwili wa samaki mwenyewe mara kadhaa. Utumbo wa namna hiyo ni wa mlaji wa vitu vidogo, vya majani na tope, vinavyohitaji muda mrefu wa kupita. Mlaji nyama kama changu au chewa ana utumbo mfupi.

Kwenye bwawa zuri chakula hicho hujiotea sakafuni. Wafilipino wanakiita lablab: utando laini wa rangi ya kahawia na kijani unaotandaa juu ya tope, uliofumwa kwa vijimea vya bluu-kijani, diatomu, bakteria, minyoo midogo na vijidudu vya kila aina. Unahitaji jua lifike chini, ndiyo maana mabwawa ya asili ya mwatiko huko Java na Ufilipino ni ya kina kifupi, sentimita 30 hadi 40 tu. Maandalizi yake yanadai subira. Bwawa linaanikwa hadi tope lipasuke. Samadi inasambazwa. Maji yanaingizwa sentimita chache, yanaachwa siku kadhaa, yanaongezwa tena kidogo, hadi utando ushike. Anayejaza bwawa kwa mara moja hadi kiunoni, kwa haraka ya kuweka vifaranga, anaukosa utando huo, na kuanzia hapo atanunua kwa fedha kile ambacho jua la Pangani lingemtengenezea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Ufilipino walipima vimeng'enya vya mwatiko. Walikuta uwezo mkubwa wa kuvunja wanga, jambo linaloendana na mlo wake, lakini selulosi hakuweza kuivunja. Wafugaji wa huko walikuwa na ushahidi wao wa zamani juu ya jambo hilohilo. Mwani wa kijani wa nyuzi nyuzi ukiwa mbichi humkuza mwatiko vibaya, hata kama bwawa limejaa. Mwani huo ukishakufa, ukaoza na kulainika, samaki wanaula na kunenepa.

Kilichotokea kati ya ubichi na uozo ni kazi ya bakteria. Wameingia katika nyuzi, wamezilegeza, wamezigeuza kuwa miili yao wenyewe yenye protini, na samaki anapomeza uozo ule anameza mmea pamoja na waliokwisha kuumeng'enya nusu. Ng'ombe wa ranchi ya Mkwaja alibeba tumbo lake la uchachu kila alikokwenda. Mwatiko anaishi ndani yake. Bwawa ndilo tumbo lake la kwanza. Ukilitazama hivyo, mambo mengi ya ufugaji yanabadilika maana: samadi, kina cha maji, hata zile wiki za kuanika tope, zote ni kazi za ulishaji.

Utando huo una kasoro yake, na mnunuzi wa sokoni anaijua kwa ulimi. Baadhi ya vijimea vya bluu-kijani na bakteria wa tope hutoa kemikali iitwayo jeosimini, ileile inayotoa harufu ya ardhi baada ya mvua, na ikimwingia samaki nyama yake hunuka tope. Siku chache katika maji safi yanayopita huipunguza.

Samaki wa pili wa eneo hili ni perege, na historia yake inaanzia karibu. Majaribio ya kwanza ya ufugaji wa samaki yanayotajwa katika historia ya Tanzania yalifanywa mwaka 1949 huko Korogwe, mkoa huuhuu wa Tanga, na Malya upande wa Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa, na mengi yakafa kwa ukame na usimamizi mbovu. Miaka michache baadaye, mwaka 1955, mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe alimwandika katika sayansi perege wa mito ya Pangani na Zigi, akampa jina la mji: Oreochromis korogwe. Upande wa kusini, mto Wami unaoingia baharini jirani na Saadani una perege wake pia, anayeweza kuishi kwenye maji yenye chumvi. Jamaa ya perege huyo aliyechukuliwa kutoka Zanzibar ndiye aliyemwezesha C. F. Hickling, akifanya kazi Malaka mwaka 1960, kupata uzao wa perege madume watupu, jambo lililotikisa ufugaji wa samaki duniani. Pwani hii imechangia zaidi ya inavyodhaniwa.

Perege ndiye aliyetoa pia moja ya ushahidi wa mapema kwamba bakteria wa tumboni humlipa samaki pango. Vitamini B12 haitengenezwi na mnyama yeyote wala na mmea. Hutengenezwa na bakteria na jamaa zao tu. Mwaka 1982, Lovell na Limsuwan wa Chuo Kikuu cha Auburn huko Marekani walionyesha kwamba sato, mmoja wa jamii ya perege, hahitaji kuwekewa vitamini hiyo katika chakula, kwa kuwa inatengenezwa ndani ya utumbo wake. Kambare wa Kimarekani aliitengeneza kwa kiasi kidogo zaidi. Baadaye Wajapani wakamjua mtengenezaji mkuu, na mwaka 2008 wakamtambua kuwa ni Cetobacterium somerae, bakteria anayechukia oksijeni na ambaye hujaa katika utumbo wa perege na samaki wengi wa maji baridi. Bakteria huyo anahitaji madini ya kobalti, na kobalti haina budi kupitia mdomoni mwa samaki. Mlo unamfikia bakteria, bakteria anamrudishia samaki.

Kwamba malipo hayo ni makubwa kuliko vitamini, imeonekana kwa kisamaki kidogo chenye mistari, Danio rerio, kinachofugwa maabara nyingi duniani. Mayai yake yanaweza kuoshwa hadi yasibaki na bakteria, na kisamaki akalelewa bila bakteria kabisa. John Rawls na wenzake, wakiwa North Carolina, walionyesha mwaka 2012 kwamba kisamaki asiye na bakteria hufyonza mafuta kidogo, na aliye nao hufyonza zaidi. Na kwamba kushiba kuliongeza kundi la bakteria wanaosaidia ufyonzaji huo. Samaki anayekula vizuri anafuga wasaidizi wa kula vizuri zaidi. Mwenye njaa anawapoteza.

Katika Ziwa Tanganyika mambo haya yamejiandika kwa kiwango kikubwa. Ziwa hilo lina mamia ya aina za samaki wa jamii ya perege waliotokana na wachache, kila mmoja akishika riziki yake: wapo wala vijimea vya mawe, wapo wala wadudu, wapo hata wanaoishi kwa kubanyua magamba ya wenzao. Laura Baldo na wenzake walilinganisha bakteria wa tumbo zao na wale wa samaki wa ziwa dogo la Barombi Mbo nchini Kamerun, ambako jamii hiyohiyo iligawanyika kivyake. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Wala majani wa Tanganyika na wala majani wa Kamerun, waliotenganishwa na bara zima, walikuwa wamekusanya jamii za bakteria zinazoelekea kufanana. Ukoo wa samaki una neno lake, lakini mlo una sauti.

Si rahisi, hata hivyo, kutabiri sauti hiyo itasema nini. Mfugaji yeyote angedhani kwamba samaki anayekula vitu vingi atakuwa na bakteria wa aina nyingi. Daniel Bolnick na wenzake waliwachunguza samaki wa aina mbili wa maji baridi na kuchapisha mwaka 2014 matokeo ya kinyume: waliokuwa na mlo mchanganyiko walikuwa na bakteria wa aina chache kuliko waliokula kitu kimoja. Vyakula viwili vikichanganywa, athari yake haikuwa jumla ya athari ya kila kimoja. Habari hiyo inamhusu kila anayechanganya pumba, mashudu na dagaa kwenye beseni na kudhani anajua kinachofuata.

Na beseni hilo ndilo maisha ya mfugaji mdogo wa Tanga. Chakula cha kuelea cha kiwandani ni ghali, kwa hiyo kinatengenezwa cha nyumbani: pumba za mahindi au mpunga, mashudu ya alizeti, pengine mashudu ya pamba au machicha ya nazi, na dagaa kidogo kama fedha ipo. Dagaa ni chakula cha watu, na bei yake inapanda. Ndiyo maana shauku ya kubadilisha protini ya samaki kwa protini ya mimea ni kubwa, Mkwaja kama Norwei.

Norwei walipofanya hivyo kwa samoni, utumbo ulikataa. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walieleza uvimbe unaotokea katika utumbo wa nyuma wa samoni aliyelishwa unga wa soya kwa wingi: mikunjo inafupika, chembe za kinga zinajaa, ufyonzaji unashuka, na jamii ya bakteria inabadilika pamoja navyo. Saponini, kemikali chungu ambayo mmea wa soya huitumia kujilinda, ni miongoni mwa vilivyohusishwa. Samoni ni mla nyama, na kilichomwumiza si lazima kimwumize perege, ambaye amezoea mimea. Lakini hata perege ana kikomo. Mashudu ya alizeti yasiyotolewa maganda yamejaa nyuzi ambazo hakuna kilichomo tumboni mwake kinachoweza kuzimaliza. Mashudu ya pamba yana gosipoli, ambayo ni sumu. Pumba zina fosforasi iliyofungwa katika fitiki, na samaki hana kimeng'enya cha kuifungua.

Hapa ujuzi wa jikoni unasaidia kuliko fedha. Kuchachusha pumba na mashudu kwa siku mbili tatu kwenye pipa lililofunikwa, kama mtu anayevundika muhogo, huwapa bakteria wa asidi ya maziwa nafasi ya kufungua sehemu ya fosforasi, kulegeza nyuzi na kupunguza baadhi ya sumu za mimea. Ni tumbo la kwanza lingine, la plastiki safari hii. Kinachopaswa kuogopwa ni kuvu. Machicha ya nazi na pumba zilizowekwa kwenye ghala lenye unyevu wa pwani hushika ukungu haraka, na ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Uchachu hauifanyi salama. Chakula kilichoota ukungu kinatupwa, na kisiende kwa kuku pia.

Protini nyingine inayoenea Afrika Mashariki ni funza wa nzi askari mweusi, wanaofugwa kwa mabaki ya jikoni na sokoni. Gamba la funza lina kitini, na kitini ni chakula cha bakteria. Watafiti wa Italia na Sweden, wakimlisha samaki aina ya trauti unga wa funza hao, waliona bakteria wa asidi ya maziwa na jamaa zao wakiongezeka tumboni. Mkulima wa Pangani aliyekuwa akihesabu protini tu katika funza amepata kitu cha pili cha kuhesabu.

Dawa ndizo zinazostahili kusemwa kwa ukali. Samwel Limbu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akifanya utafiti na wenzake wa Shanghai, alimweka sato katika viuavijasumu viwili vya kawaida, oksitetrasaiklini na salfamethoksazo. Walitumia viwango viwili: kile kidogo kinachopatikana katika maji ya mazingira, na kile kinachoruhusiwa kisheria katika ufugaji. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha madhara ya mwili mzima, kuanzia umetaboli na kinga hadi jamii ya bakteria wa utumbo. Kilichokusudiwa kulinda kilidhoofisha. Kuna njia nyingine ya dawa kufika bwawani bila mfugaji kuinunua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mabwawa yaliyounganishwa na mifugo mingine nchini Pakistan na Tanzania ulikuta humo bakteria wenye jeni za usugu dhidi ya dawa. Banda la kuku likijengwa juu ya bwawa, kinachodondoka si mbolea peke yake. Ni bakteria wa kuku pamoja na historia yote ya dawa walizopewa kuku hao. Samadi ya kuku ni mbolea bora kwa utando wa sakafuni, na hakuna sababu ya kuiacha. Iozeshwe kwanza hadi ipoe, na itoke kwa kuku ambao hawako kwenye dawa.

Vifuko vya bakteria wazuri navyo vimefika kwenye maduka ya pembejeo, vikiahidi ukuaji wa haraka. Wazo lenyewe si geni. Kozasa wa Japani aliripoti mwaka 1986 kwamba mbegu za bakteria wa jamii ya Bacillus zilizochanganywa na chakula ziliongeza kasi ya ukuaji wa samaki wa baharini wanaofugwa. Tangu hapo bakteria wa namna hiyo wamejaribiwa kwa perege na mwatiko, na Waindonesia wamewatenga wengine kutoka kwenye utumbo wa mwatiko mwenyewe. Wataalamu wanatofautisha bakteria wakazi, walioshika ukuta wa utumbo, na wapita njia, wanaotoka na kinyesi. Wengi wa wanaouzwa ni wapita njia. Ulishaji ukisimama, wanatoweka. Kwa mfugaji ambaye bado hajatengeneza utando wa sakafuni, hajachachusha pumba zake na hubadilisha chakula kila bei inapopanda, fedha ya kifuko imetangulizwa mbele ya mambo yaliyopaswa kuja kwanza.

Kuhusu kubadilisha chakula, kanuni ya mchungaji wa ng'ombe inafaa hapa bila marekebisho: mapya yachanganywe na ya zamani, yaongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Njaa nayo ni badiliko. Huko Singapore watafiti walimnyima chakula samaki wa baharini wa Asia aina ya barramundi kwa siku 8 tu, na muundo wa bakteria wa tumboni ukageuka kwa wazi. Mfugaji anayekwenda msibani kwa wiki nzima na kumwachia jirani funguo bila maelekezo, akirudi asiwamwagie samaki wake kiasi cha siku zote kwa mara moja.

Bakteria hawa hawaachi kazi samaki anapovuliwa. Akiwa hai, kinga ya mwili na ute wa utumbo huwazuia wasivuke ukuta. Akifa, kizuizi kinaondoka, vimeng'enya vyake mwenyewe vinaanza kuula ukuta huo, na bakteria wanafuata. Aliyevuliwa na tumbo lililojaa huharibika upesi zaidi, kuanzia tumboni: ngozi ya chini inalegea, kisha inapasuka, ingawa nyama ya mgongo bado ni imara. Kwenye joto la Pangani ni suala la saa chache. Kwa hiyo ulishaji husimamishwa siku moja kabla ya kuvuna. Bwawa lenye utando mzito linahitaji hatua ya ziada, kwa kuwa mwatiko ataendelea kula sakafuni hata asipomwagiwa kitu: huhamishiwa kwanza kwenye kizimba cha wavu kilichoinuliwa juu ya tope, mahali maji ya bamvua yanapopita, akakaa humo hadi utumbo utoke mtupu na ile harufu ya tope ipungue. Barafu iwe imefika kabla ya wavu kuvutwa. Atakayeuzwa mbali atolewe utumbo palepale ukingoni na aoshwe kwa maji safi, na matumbo yazikwe mbali na lango la maji, ili bakteria wake wasirudi bwawani na vifaranga vya msimu unaofuata.